Mong'ina si Mongina: mwandike mtoto jina lake, kompyuta itafuata

Leo naweka kando habari za simu mpya na lugha za programu. Nataka tuzungumze juu ya alama moja ndogo sana kwenye kibodi yako. Kwa Kiswahili inaitwa ritifaa, wengine huiita kibainishi. Inaonekana hivi: '. Bila alama hiyo ng'ombe anageuka kuwa "ngombe", na sijawahi kuona bucha linalouza nyama ya ngombe.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usihangaike kuutafuta. Mzazi wa Kisii au Nyamira anayempa mtoto wake jina la Ekegusii aliandike kwa tahajia ya Ekegusii, pamoja na ritifaa zake na irabu zake mbilimbili. Kuhakikisha kwamba jina hilo linapita kwenye kila mfumo ni kazi yetu sisi waandika programu. Mtoto hana kosa hapo, wala mzazi wake.

Jambo lenyewe linanihusu. Mimi na mke wangu tunatarajia mtoto wa kwanza, na akiwa msichana ataitwa Mong'ina, jina la nyanya yangu mzaa baba ambaye alishatutoka. Kwetu majina ya wazee waliotangulia hurudi kwa wajukuu, kwa hiyo jina halikuleta mjadala. Maana yake nayo ni nzuri. Omong'ina kwa Ekegusii ni mama mzee mwenye heshima zake, kama vile omogaka alivyo mzee wa kiume, ambako ndiko linakotoka jina Mogaka. Kumwita kichanga Mong'ina ni kama kumwekea akiba ya heshima, aikute akiwa mkubwa.

Mjadala ulikuja kwenye namna ya kuandika. Shemeji yangu mmoja, mtu wa benki, alisema tuandike Mongina "ili mtoto asisumbuke". Binamu mwingine akapendekeza Monginah, na h pale mwisho, kwa sababu inapendeza ikiandikwa mtandaoni. Mama yangu alisikiliza wote, kisha akasema, "Wanangu, huyo mnayemwita Mongina mimi simjui. Aliyenipokea nikiolewa hapa alikuwa Mong'ina." Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo kwa jicho la mtu anayetengeneza hifadhidata ili apate ugali wake, na naona mama yuko sahihi kuliko shemeji.

Makaratasi matatu, bibi mmoja

Kwanza tukubaliane kwamba tahajia si suala la urembo. Nyanya alipofariki, baba na ndugu zake walianza kufuatilia urithi wa shamba. Kitambulisho kilisema MONGINA. Hati ya shamba ilisema MONG'INA. Kadi ya kituo kimoja cha afya ilisema MONGINAH. Kwa binadamu yeyote aliyekulia Nyamira hayo ni majina ya bibi mmoja. Kwa karani aliyeketi mbele ya skrini, ni watu watatu. Ikabidi ziandikwe hati za kiapo kwamba huyu na yule na yule mwingine ni mtu mmoja. Kila kiapo kilikuwa na ada yake, nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea.

Sasa hoja ya shemeji inaanzia hapo hapo. Anasema: si unaona? Ritifaa ndiyo iliyoleta tabu. Mimi nasema tabu ililetwa na kukosekana kwa uthabiti. Kama karatasi zote tatu zingeandika Mong'ina, kusingekuwa na kiapo hata kimoja. Na kama zote zingeandika Mongina, kadhalika. Kwa hiyo swali ni moja tu: kama ni lazima tuchague umbo moja na kulishikilia maisha yote, kwa nini tuchague lile lisilo sahihi?

Tahajia ya Ekegusii inasema nini hasa

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanajua tofauti ya ng na ng'. Ngoma ina g inayosikika, ng'ombe haina. Ekegusii inatumia mpango huo huo. Ng'ombe kwetu ni eng'ombe, na chui ni engo. Ondoa ritifaa na sauti mbili tofauti zinabanwa kwenye herufi zile zile. Ndiyo maana mtu wa mbali akiona "Mongina" kwenye orodha ya wagonjwa huita kwa g nzito, na mwenye jina anabaki amekaa kwenye benchi akidhani anaitwa mtu mwingine.

Kisha kuna urefu wa irabu. Jina Moraa lina a mbili kwa sababu sauti inavutwa. Ukiandika Mora umeandika kitu kingine. Moraa si jina dogo katika historia yetu. Mwaka 1908, Otenyo alipomchoma kwa mkuki mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyeitwa Northcote, masimulizi ya Gusii yanamtaja mama mmoja mtabiri aliyemtia moyo, Moraa Ng'iti. Tazama vizuri jina hilo. Lina irabu mbili upande mmoja na ritifaa upande mwingine. Mama huyo aliwashinda watawala kwa maneno, lakini fomu nyingi za leo za mtandaoni zingemkatalia kujiandikisha.

Kitu cha tatu ni viambishi. Wapo wanaojiuliza kwa nini tuna Kemunto na Kerubo kwa k, lakini Gesare kwa g. Si uzembe wa makarani. Ekegusii ina kanuni ya sauti, wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, inayogeuza k kuwa g inapofuatwa na silabi yenye sauti kama s, t, k au ch. Ndiyo maana lugha inaitwa Ekegusii, lakini ukoo unaitwa egesaku. Majirani zetu Wakikuyu wana kanuni hiyo hiyo, na ndiyo sababu lugha yao wanaiita Gĩkũyũ na si Kĩkũyũ. Kwa hiyo anayeandika Kesare akidhani anasafisha jina anavunja kanuni ambayo bibi yake aliifuata bila kufundishwa darasani.

Kuna pia irabu ya mwanzo. Omogeni na Mogeni ni jina lile lile, maana yake mgeni. Moja limebaki na o ya mwanzo, jingine limeivua. Seneta wa Nyamira, Okong'o Omogeni, utamkuta ameandikwa kwa namna zote mbili kulingana na gazeti unalosoma. Hapo sisemi moja ni kosa. Nasema mzazi achague moja, na ajue anachagua nini.

Haki itendeke kwa upande wa pili

Kuna hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza: hiyo "tahajia ya asili" yenyewe ina umri gani? Ni kweli, haina hata karne moja na nusu. Ekegusii ilianza kuandikwa na wamisionari, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Wahenga wetu hawakuandika ritifaa kwenye majani ya migomba. Kilicho cha kale ni sauti, na maandishi ni mtumishi wake. Lakini mtumishi anayeharibu ujumbe wa bwana wake anafaa kazi gani?

Ya pili ni kwamba hata tahajia hiyo haitoshi. Ekegusii ina irabu saba, nasi tunaandika tano. E moja inabeba sauti mbili, o vilevile. Wakikuyu walilitatua kwa kuweka alama juu ya ĩ na ũ, sisi hatukufanya hivyo. Je, nimwandike mtoto kwa alama za wanaisimu ili sauti zote zionekane? Hapana. Jina huandikwa ili jamii ilisome, na hakuna mwalimu wa Kebirigo wala kasisi wa Ogembo anayeandika hivyo. Mpaka wangu uko hapo: naandika kila ambacho msomaji wa kawaida wa Ekegusii anatarajia kukiona, bila kuongeza wala kupunguza. Ng' imo ndani ya mpaka huo, na a mbili za Moraa zimo. H ya Monginah haimo, kwa sababu haina sauti yoyote, imewekwa kama pete ya pua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mtoto atapata shida. Atakataliwa na fomu, atakosewa na mwalimu, cheti cha mtihani kitatofautiana na cheti cha kuzaliwa. Hoja hii inatolewa kwa upendo, na wanaoitoa wameumia. Lakini angalia inakotupeleka. Kila mzazi akipunguza herufi ili kompyuta isikasirike, basi watu ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa takriban milioni 2.7 watakuwa wamebadilisha majina yao kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka siku ya Ijumaa jioni, akaandika kanuni ya kuchuja herufi bila kufikiri. Namjua mtu huyo. Tulisoma naye, tunafanya kazi naye, na wakati mwingine tunamwona kwenye kioo.

Kwa nini kompyuta inakataa

Hebu nieleze kwa lugha nyepesi. Hifadhidata nyingi hupokea amri kwa lugha iitwayo SQL. Katika SQL, maneno hufungwa kati ya ritifaa mbili. Mwandika programu mvivu akiunganisha jina moja kwa moja kwenye amri, hutokea hivi:

INSERT INTO watoto (jina) VALUES ('Mong'ina');

Kompyuta inasoma 'Mong' na kudhani jina limeisha. Halafu inakutana na ina'), na kuchanganyikiwa. Mbaya zaidi, mlango huo huo ndio wanaoutumia wadukuzi kupenyeza amri zao. Mnamo 2007 mchora vibonzo wa xkcd alichekesha dunia kwa kisa cha mtoto ambaye jina lake lilifuta rekodi za shule nzima. Tulicheka, kisha wengi wetu tukajifunza somo kinyume. Badala ya kurekebisha amri, tukapiga marufuku ritifaa. Ukijaza fomu unaambiwa: "Jina lina herufi zisizoruhusiwa." Zisizoruhusiwa na nani? Bunge halijawahi kupitisha sheria hiyo!

Dawa yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 20, na ni rahisi. Unatuma amri peke yake na jina peke yake, kama kigezo, na hifadhidata haiwezi kulichanganya jina na amri. Kila lugha ya programu ninayoijua ina njia ya kufanya hivyo. Anayekuambia kwamba ritifaa ni hatari kwa usalama anakuambia kwamba mfumo wake ni mbovu, ila amechagua njia ya adabu.

Matatizo yanayobaki ni madogo, lakini yapo. Nayaorodhesha kwa ajili ya wenzangu wa kazi.

Moja, ritifaa ziko nyingi. Ile ya kibodi ni U+0027. Ile iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe, ni U+2019. Unicode ina nyingine tena, U+02BC, ambayo inahesabiwa kuwa herufi na si alama ya uakifishaji. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu vitatu. Kwa mtazamo wa kitaaluma U+02BC ndiyo inayofaa ng', kwani pale ni sehemu ya herufi. Lakini haipo kwenye kibodi ya mtu yeyote pale Keroka. Ushauri wangu: pokea zote, kisha hifadhi moja tu, U+0027, kwenye kila rekodi.

Mbili, herufi kubwa. Lugha ya Python ina amri ya kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, title(). Ipe "mong'ina" nayo itakurudishia "Mong'Ina". Ng'ang'a anakuwa "Ng'Ang'A", kama mtu anayekabwa koo. Usiguse kabisa herufi ambazo mwenye jina ameziandika mwenyewe.

Tatu, utafutaji. Karani akitafuta "Mongina", apate Mong'ina pia. Hapa ndipo pa kuondoa ritifaa, yaani kwenye safu ya pembeni ya kutafutia ambayo mtumiaji haioni. Jina la kuonyeshwa libaki kamili. Na usiazime hesabu za sauti zilizotengenezwa kwa ajili ya majina ya Kiingereza. Soundex, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1910, inampa Ong'era na Ong'eri msimbo ule ule, O526. Muulize Ong'era kama anataka mshahara wake uingie kwa Ong'eri.

Nne, majaribio. Kila mfumo unaojengwa Kenya ujaribiwe kwa Mong'ina, kwa Moraa, kwa Ng'ang'a na kwa Ngũgĩ wa Thiong'o kabla haujafika kwa mwananchi. Jina la huyo wa mwisho lina kila mtihani unaohitajika ndani yake. Na ni mtu aliyeanza kuchapisha vitabu kwa jina la James Ngugi, akaamua kwa hiari yake kulirudia jina la kwao, akalibeba hadi alipofariki Mei 2025. Dunia nzima ilijifunza kuliandika.

Wenye ritifaa wamefika mbali

Anayedhani kwamba ritifaa inamzuia mtu kufika popote amtazame Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, Nyamira. Mwaka 2013 alikuwa waziri wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Baadaye akashika elimu, kisha usalama wa ndani, wizara yenye dhamana ya vitambulisho na usajili wa watu. Mwaka 2019 Wakenya walipokuwa kwenye foleni za Huduma Namba, wizara iliyoendesha zoezi hilo iliongozwa na mtu mwenye ritifaa kwenye jina. Sizungumzii siasa zake hapa, kila mtu na maoni yake. Nasema tu kwamba nchi ambayo waziri wake wa teknolojia alikuwa Matiang'i haina kisingizio cha kuwa na fomu zinazokataa ng'.

Kuna mahali pamoja ritifaa inaondolewa kihalali, nako tusidanganyane. Pasipoti ina mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka nambari 9303, zinasema ritifaa iachwe na herufi ziunganishwe. Kwa hiyo kwenye mistari ile Mong'ina atasomeka MONGINA. Lakini angalia busara yake. Kanuni hizo zinatenganisha sehemu ya mashine na sehemu ya kusomwa na binadamu, na jina la kusomwa na binadamu linaruhusiwa kubaki na ritifaa. Ndivyo nilivyosema juu ya safu ya kutafutia. Mashine ipewe chake, mtu abaki na jina lake.

Na pale mfumo usipotosha, mfumo ndio unaopanuliwa. Kule Hawaii mwaka 2013 mwanamke mmoja mwenye jina refu la asili ya kisiwa hicho alilalamika kwamba leseni yake ya udereva imelikata. Aliambiwa anaweza kulibadilisha, akakataa. Jimbo likapanua nafasi ya jina hadi herufi 40. Mtu mmoja, jina moja, na programu ya jimbo zima ikabadilishwa. Sisi tuko mamilioni.

Sheria nazo zinatupa pa kusimamia. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Ibara ya 7 inaitaka serikali ilinde na kukuza lugha zote za watu wa Kenya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema habari zinazohifadhiwa kuhusu mtu ziwe sahihi, na inampa mwenyewe haki ya kudai zirekebishwe. Mongina si habari sahihi kuhusu mtu anayeitwa Mong'ina. Na kwa upande wa kompyuta, Ekegusii si mgeni. Kwenye hazina ya lugha ya shirika la Unicode, ambayo simu zetu huitegemea, lugha yetu ina msimbo wake, guz. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni watu wa kujali.

Kwa wazazi wenzangu

Kama unatarajia mtoto, au amezaliwa juzi, hivi ndivyo ninavyopanga kufanya.

Nitaandika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa zinazosomeka, MONG'INA, na kuiacha mikononi mwa anayejaza taarifa ya kuzaliwa, awe ni muuguzi au, kwa waliojifungulia nyumbani, naibu wa chifu. Sitalitamka tu na kumwachia akisie. Karatasi hiyo ya kwanza ndiyo mama wa zote. Cheti cha kuzaliwa kinaifuata, usajili wa shule unafuata cheti, mtihani unafuata usajili, kitambulisho kinafuata vyote.

Nitasoma cheti palepale dirishani kabla sijaondoka, herufi kwa herufi, hata kama foleni nyuma yangu inaguna. Kosa likigunduliwa siku hiyo, mara nyingi ni suala la dakika chache. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, kinampa mzazi miaka miwili tangu usajili kubadilisha jina la mtoto kwa kulipa ada. Ikipita miaka hiyo, unaingia kwenye safari ndefu ya hati za kisheria na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa hiyo usiseme utarekebisha akianza shule.

Fomu ya mtandaoni ikikataa ritifaa, nitapiga picha ya skrini na kuwaandikia wenye mfumo, kwa adabu lakini kwa maandishi. Malalamiko ya mdomo hayamfikii mwandika programu. Barua yenye picha humfikia, naongea kama mtu anayezipokea. Kwa wakati huo nitajaza bila ritifaa pale ambapo huduma haingoji, kama matibabu, lakini cheti cha kuzaliwa kitabaki kuwa ushahidi wa jina lenyewe.

Na la mwisho, nitamfundisha mtoto mwenyewe kuliandika. Mtoto anayejua kwa nini jina lake lina alama ile atamsahihisha mwalimu bila woga, na bila kulionea haya.

Mji wetu mkuu wazee huuita Getembe, wengine huuita Bosongo, ramani inasema Kisii, na uwanja wake wa mpira unaitwa Gusii. Hatukuchagua sisi kila kimoja katika hivyo, na mengine yamekwisha kukauka kama saruji. Ya mji yako mbali na mikono yetu. Ila jina la mtoto anayezaliwa mwezi ujao bado ni saruji mbichi, na kalamu iko mkononi mwako wewe.

Kwa wenzangu waandika programu nina ombi moja tu. Jumatatu ukifika kazini, kabla hujafungua kitu kingine, nenda kwenye fomu uliyoitengeneza na ujiandikishe kwa jina la Mong'ina. Ikikukataa, unajua kazi yako ya kwanza ya wiki.